Kwa nini bingwa wa mpira wa vinyoya (badminton) hushuka ghafla, na msichana wa miaka 17 ajipange vipi

Swali: "Nimemfuatilia Kento Momota wa Japani tangu alipomaliza adhabu yake. Mwaka 2019 alishinda mataji 11. Baada ya hapo nikaona anapigwa na watu aliokuwa akiwafunga bila jasho, na mwaka 2024 akaaga timu ya taifa akiwa na miaka 29, hana medali ya Olimpiki. Nini humwangusha mchezaji wa kiwango kile? Nauliza kwa sababu binti yangu ana miaka 17, anapiga kwa mkono wa kulia, anacheza mmoja mmoja hapa Nairobi, na ameniambia anataka vinyoya viwe kazi yake. Nataka kujua kinachomngoja." (Mzazi, Nairobi)

Jibu:

Ndugu yangu, kipaji cha Momota hakikwenda popote. Mwili wake ulibadilika kwa ajali ya gari Januari 2020, ilhali orodha ya ubora duniani iliendelea kumwita namba moja hadi mwishoni mwa 2021. Kwa karibu miaka miwili watu walimpima kwa cheo alichokipata kabla ya ajali, na yeye akawa anaingia uwanjani na cheo hicho mgongoni. Katika mchezo huu ranki husema habari za mwaka uliopita, na mwili husema habari za leo. Mchezaji anapoonekana ameanguka ghafla, mara nyingi alianza kushuka miezi mingi nyuma na ranki ikamficha. Kwa kupanda ni hivyo hivyo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua mchezaji alale wapi wiki ijayo.

Shirikisho la dunia, BWF, hujumlisha pointi za wiki 52 zilizopita. Ukicheza mashindano kumi au pungufu, yote yanahesabiwa. Ukizidisha kumi, yanachukuliwa yale kumi yaliyokupa pointi nyingi zaidi. Wiki 52 zikishatimia tangu shindano fulani, pointi zake zinafutika, uwe umecheza tena au umelazwa hospitali. Ngazi ya juu ya ziara ya dunia ni Super 1000, kama All England ya Birmingham. Bingwa pale hupata pointi 12,000, na anayetolewa raundi ya kwanza ya watu 32 hupata 3,000. Chini yake kuna Super 750 (bingwa 11,000), Super 500 (9,200), Super 300 (7,000) na Super 100 (5,500). Halafu yanakuja mashindano ya ngazi ya mabara, na huko ndiko binti yako ataanzia: International Challenge humpa bingwa 4,000, International Series 2,500, na Future Series 1,700. Mashindano ya kimataifa ya Kampala na Nairobi yamo katika kundi hili la chini.

Sasa chukua kalamu. Msichana amecheza International Series kumi kwa mwaka. Mbili kafika nusu fainali (1,750 kila moja), tatu kafika robo fainali (1,370), tano katolewa katika hatua ya watu 16 (920). Jumla ni pointi 12,210. Mwaka mzima wa viza na viwanja vya ndege, na amemzidi kidogo tu bingwa wa All England aliyecheza wiki moja. Angalia na hili: aliyepoteza mechi yake ya kwanza kabisa All England ametoka na pointi 3,000, wakati bingwa wa International Series, aliyeshinda kila mechi, ametoka na 2,500. Super 1000 ina nafasi 32 tu kwa mchezo wa mmoja mmoja, na zinajazwa kwa ranki. Aliye ndani analindwa na pointi za kuwa ndani. Aliye nje anapanda ngazi ambayo kila kipandio ni kifupi. Kwa maoni yangu hapa ndipo wachezaji wengi wazuri wanapoachia, kati ya miaka 20 na 23, bila jeraha lolote. Wanachoka kupanda huku akiba ya familia ikiisha.

Momota aliipanda ngazi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza ilimfikisha nafasi ya pili duniani alipokuwa na miaka 21. Aprili 2016 chama cha Japani kikamfungia kwa kucheza kamari katika kasino haramu, akaikosa Olimpiki ya Rio. Aliporejea katikati ya 2017 pointi zake zote zilikuwa zimeshafutika na alikuwa chini ya nafasi ya 200. Tazama alivyofanya, kwa sababu ndivyo anavyopaswa kufanya yeyote anayetoka kwenye mapumziko marefu. Hakungoja mialiko mikubwa. Alikwenda kushinda mashindano madogo: International Challenge ya Marekani, Ubelgiji, Czech, kisha Uholanzi, kisha Macau. Mwaka 2018 akawa bingwa wa Asia, akawa bingwa wa dunia kule Nanjing mwezi Agosti, na Septemba 27 akashika namba moja. Kutoka chini ya 200 hadi kileleni ilimchukua kama miezi 14. Mtu wa kawaida asijipimie kwa kipimo hicho. Utaratibu ndio wa kuiga: anza pale ambapo utashinda mechi nne au tano kwa wiki, si pale ambapo utapigwa moja na kurudi hotelini.

Mwaka 2019 akatwaa yale mataji 11: German Open, All England, Singapore, ubingwa wa Asia, ubingwa wa dunia kule Basel (fainali alimfunga Anders Antonsen 21-9, 21-3), Japan Open, China Open, Korea, Denmark, Fuzhou na fainali za ziara ya dunia. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa na An Se-young wa Korea Kusini mwaka 2025. Lakini mataji 11 ni mataji 11 ya kutetea. Mwaka unaofuata, kila wiki ya tarehe ileile, bingwa akifika nusu fainali tu amepoteza pointi. Wa nafasi ya kumi akifika nusu fainali hiyohiyo, amepanda. Ndiyo maana utasikia mchezaji mkubwa akiitwa "ameporomoka" kwa matokeo ambayo mwingine angeyashangilia.

Tarehe 12 Januari 2020 Momota alimfunga Viktor Axelsen katika fainali ya Malaysia Masters. Alfajiri ya siku iliyofuata, akielekea uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, gari lililombeba liligonga lori kwa nyuma. Dereva alifariki. Momota alivunjika pua na kukatika usoni, na mwanzoni ikaonekana mengine ni mazima. Aliporudi mazoezini akaanza kuona vitu viwili viwili. Uchunguzi wa Februari ukaonyesha kwamba mfupa unaozunguka jicho la kulia umevunjika, akafanyiwa upasuaji mwezi huohuo.

Fikiria mchezo wake ulivyokuwa. Momota hakuwa mtu wa kuvunja watu kwa smashi, lile pigo kali la kushuka. Alishinda kwa kuzuia na kwa mkono wa wavuni. Alikuwa akifika mapema kwenye kinyoya, akaishikilia raketi bila kupiga mpaka mpinzani ahamishe uzito kwenye mguu mmoja, ndipo anapiga upande wa pili. Mchezo wa namna hiyo unategemea jicho kuliko bega. Mwaka 2017 Mads Pieler Kolding wa Denmark alipimwa smashi ya kilomita 426 kwa saa ndani ya mechi. Kasi hiyo ni ya pale kinyoya kinapoachana na raketi. Manyoya 16 yanakivuta breki mara moja, na kufika kwa mzuiaji kimepungua sana. Mzuiaji lazima asome kasi hiyo inayobadilika na kupangusa kinyoya kipite sentimita chache juu ya wavu. Jicho likichelewa hata kidogo, kinyoya kile kinapita nusu mita juu ya wavu na kinarudishwa miguuni pako. Mpiga smashi aliyeumia jicho labda angesalimika zaidi. Aliyejenga mchezo wote juu ya kungoja na kuona alipigwa mahali penyewe.

Hapo ndipo ranki ilipowadanganya watu. Machi 2020 BWF ilisimamisha orodha kwa sababu ya korona. Pointi za 2019 hazikufutika kwa wakati wake, na Momota akaenda Olimpiki ya Tokyo Julai 2021 akiwa namba moja na mbegu wa kwanza, yaani aliyepewa nafasi ya kwanza katika upangaji wa ratiba, akiwa amecheza shindano moja tu la kimataifa tangu ajali. Alitolewa kwenye makundi na Heo Kwang-hee wa Korea Kusini, aliyekuwa nafasi ya 38, kwa 21-15, 21-19. Walioshangaa walikuwa wanasoma orodha ya zamani. Novemba mwaka huo alishinda Indonesia Masters kule Bali, ila mwezi uliofuata mgongo ulimtoa kwenye fainali za ziara. Julai 2022, fainali ya Malaysia Open, Axelsen alimfunga 21-4, 21-7. Alipotangaza kuaga, Aprili 2024, alieleza jambo ambalo wachezaji wengi wanalijua bila kulisema: moyo ulikuwa unataka, mwili haukufika ulipotumwa. Taji lake la mwisho la ziara lilikuwa Korea Masters ya Novemba 2023, shindano la Super 300. Kwa hiyo hata baada ya kushuka alikuwa bado anaweza kushinda watu. Hakuweza tena kuwashinda wale watano wa juu wiki baada ya wiki, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwa binti yako, na tuanze na magoti, kwa sababu ajali ya gari huwezi kuipangia lakini goti unaweza.

Carolina Marín wa Uhispania, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na bingwa wa dunia mara tatu, anapiga kwa mkono wa kushoto. Januari 2019, fainali ya Indonesia Masters, alirudi nyuma kupiga pigo la juu, akatua na goti la kulia likamwachia. Ilikuwa ile kano kuu ya ndani ya goti, ambayo madaktari huiita ACL. Mwaka 2021 ikakatika ya goti la kushoto mazoezini, pamoja na gegedu zake, akaikosa Tokyo. Agosti 2024, nusu fainali ya Olimpiki ya Paris, akiongoza dhidi ya He Bingjiao 21-14, 10-6, goti la kulia tena.

Angalia mkono na mguu. Mpiga kushoto, goti la kulia, mara mbili. Katika vinyoya kano hii hukatika sana pale mchezaji anaporuka kupiga pigo la juu kwenye kona ya nyuma ya upande usio wa raketi na kutua kwa mguu mmoja, ule wa upande wa pili na mkono unaopiga. Kiwiliwili bado kinazunguka, uzito wote umeangukia mguu mmoja, goti linaporomoka kwenda ndani. Binti yako anapiga kwa kulia, hivyo mguu wa kulindwa kwanza ni wa kushoto, na kona ya hatari ni ya nyuma kushoto. Mara nyingi kosa linaanza hatua mbili kabla: anachelewa kuondoka katikati, kinyoya kinampita, anaruka huku amepinda mgongo kukifuata nyuma ya kichwa. Kwa hiyo kocha akimwambia "ruka kidogo", anatibu dalili. Cha kurekebisha ni ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma.

Mpe ratiba hii mara tatu kwa wiki, dakika 20, kabla ya kushika raketi. Kwanza achuchumae kwa mguu mmoja hadi akalie benchi na kuinuka, mara 8, raundi 3 kila mguu. Kisha aruke kinyumenyume kwa mshazari na kutua kwa mguu mmoja, akae kimya sekunde 3 bila kutikisika, mara 6, raundi 3. Kisha apige magoti, mtu amshikilie vifundo vya miguu, ashuke mbele polepole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Aanze na mara 3 kwa raundi 2, na kwa wiki nane hivi afike mara 8 kwa raundi 3. Amalizie kwa kuinuka kwa kisigino kwenye ngazi, mguu mmoja, mara 15, raundi 3, kwa ajili ya kano ya kisigino, ambayo nayo huwakatika wachezaji wengi, hasa wakizeeka kidogo. Mrekodi kwa simu ukiwa mbele yake wakati anatua. Goti likivuka kidole gumba kuelekea ndani, siku hiyo asifanye mazoezi ya kuruka.

Na kama itatokea kano imekatika, Mungu amwepushe, usikubali kalenda ya pointi iamue siku ya kurudi. Baada ya upasuaji angoje miezi 9 kwa uchache, na hata hapo arudi kwa vipimo: nguvu ya paja la mguu ulioumia ifike asilimia 90 ya mguu mzima, na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja vilevile. Uwanjani aanze na vinyoya vya kurushiwa mbele ya wavu tu, kisha nusu uwanja bila kuruka, kisha uwanja mzima kwa mapigo yanayojulikana, kisha mechi za mazoezi. Kona ile ya nyuma kushoto pamoja na smashi ya kuruka vinarudi mwisho kabisa. Wengi huumia tena kwa kupanga vizuri hatua tatu za kwanza na kuirukia ya mwisho kwa sababu wiki ya Super fulani imekaribia. BWF ina utaratibu wa kumlindia ranki mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu, na mjamzito pia. Maombi yapelekwe mapema kupitia chama cha taifa yakiwa na karatasi za daktari. Ranki iliyolindwa humfungulia mlango wa kuingia mashindanoni, na pointi anaanza kuzitafuta upya.

Jambo la pili linalowaangusha watu ni dawa na karatasi. Lee Chong Wei wa Malaysia, aliyekaa namba moja kwa jumla ya wiki 349, alipimwa kwenye ubingwa wa dunia wa 2014 akakutwa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe isiyoruhusiwa mashindanoni. Jopo lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya na likampa miezi 8, lakini medali yake ya fedha ilikwenda na pointi zikaenda. Aliporudi 2015 alikwenda mashindano ya Marekani na Kanada, akashinda yote mawili, na kabla ya Rio alikuwa kileleni tena. Chanzo walichokubali ni vidonge vya lishe. Kwa hiyo kila kidonge, hata cha mitishamba, hata kilichotolewa na shangazi kwa mapenzi, kisilambwe kabla ya daktari wa timu kusoma viambato vyake, na risiti na pakiti vihifadhiwe. Akifika juu na kuingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa bila taarifa, atatakiwa kueleza kila siku anapatikana wapi. Kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa sawa na la dawa. Mwaka 2014 Lee Yong-dae na Kim Ki-jung wa Korea Kusini walifungiwa mwaka mmoja namna hiyo, na adhabu ikafutwa miezi michache baadaye ilipothibitika kwamba uzembe ulikuwa wa ofisi ya chama chao. Ajaze taarifa zake mwenyewe. Asimwachie katibu.

Fedha. Hapa nitasema bila kupamba. All England ya 2024 ilikuwa na zawadi ya dola milioni 1.3 kwa jumla. Bingwa wa mmoja mmoja hupata asilimia 7, yaani dola 91,000. Aliyetolewa raundi ya kwanza hupata dola 1,300, ambazo haziwezi kulipa tiketi ya Nairobi na hoteli ya Birmingham. Katika Super 300 yenye zawadi ya dola 210,000, bingwa alikuwa akipata 15,750 na aliyeishia hatua ya watu 16 akipata 735. International Challenge zima lina dola 15,000 hadi 25,000 kugawana watu wote wa michezo mitano (mmoja mmoja na wawili wawili kwa wanaume na wanawake, na wawili mseto). Hesabu ya familia inapaswa kudhani kwamba zawadi ni sifuri kwa miaka mitatu ya kwanza.

Basi wanaishije? Wajapani wengi huajiriwa na timu za makampuni; Momota alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu ya NTT East, hata miaka ile aliyokuwa akifungwa uwanjani. Wachina na Wakorea hubebwa na mfumo wa taifa na wa mikoa au makampuni. Wa mataifa yasiyo na mfumo huo hutafuta klabu za ligi za Ulaya, kama Denmark, Ujerumani na Ufaransa, ambako klabu humlipa mchezaji wa kigeni kwa mechi za wikendi, humpa mahali pa kufanya mazoezi, na kutoka hapo mashindano ya International Series yako safari ya treni tu. Kwa msichana wa Nairobi njia hii ina maana kuliko kuruka Asia mara nane kwa mwaka. Mkataba usomwe vizuri: nani analipa bima ya jeraha, akiumia mshahara unaendelea miezi mingapi, na je klabu inaweza kumzuia wiki ya shindano la Afrika. Shindano la Afrika asilikose kamwe. Katika kufuzu Olimpiki kila bara linahakikishiwa mwakilishi, kwa masharti ya ranki, na hapo ndipo pointi za bara zinapogeuka kuwa tiketi. Edwin Ekiring wa Uganda alifika Beijing 2008 akitokea ukanda wetu huu.

Akifika juu kabisa, kuna mzigo mwingine ambao watazamaji hawauoni. Wachezaji 15 bora wa mmoja mmoja wanalazimika kucheza Super 1000 na Super 750 zote pamoja na baadhi ya Super 500, na wasipotokea bila sababu iliyokubaliwa wanatozwa dola 5,000. Kwa hiyo mtu mwenye goti linalouma huchagua kati ya goti na faini, na pointi zinazokaribia kufutika zinamsukuma acheze, kama faini inavyomsukuma. Ukimwona mchezaji mkubwa anatoka raundi ya kwanza mara tatu mfululizo, usiharakishe kusema amekwisha. Tazama kwanza kama anatua kwa mguu mmoja kama zamani.

Kuna la Nairobi lenyewe ambalo makocha wa ugenini hawatalijua. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi na kinyoya kinakimbia, ndiyo maana huko vinatumika vyenye namba ndogo, yaani vya polepole. Kipimo rasmi ni hiki: simama kwenye mstari wa nyuma, kipige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya sahihi kitaanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Mzoeze kufanya kipimo hiki kila siku ya mazoezi, kwa sababu klabu nyingi hutumia kile kilichopo dukani na mtoto anajifunza urefu wa uongo. Anayejifunza kwa kinyoya cha kasi hujizuia mkono bila kujua. Akishuka Mombasa au akienda ukumbi wa baridi wa Ulaya, pigo lake la nyuma linafia katikati ya uwanja na anapigwa smashi mechi nzima, kisha anarudi nyumbani akidhani hana nguvu. Afike siku tatu kabla ya shindano. Nusu saa ya kwanza apige mapigo ya juu ya nyuma hadi nyuma peke yake, mpaka viangukie kati ya ile mistari miwili ya nyuma mara nane katika kumi. Halafu apime upepo wa viyoyozi kwa kupiga pande zote mbili, aandike upande unaosukuma, ili akishinda kura ajue anachagua upande gani kwanza.

Kwa mwaka huu mmoja, ningempangia mashindano sita ya kimataifa, si zaidi: Kampala, Nairobi, la Afrika, na matatu ya International Series ya Ulaya yanayofuatana ndani ya wiki nne ili tiketi iwe moja. Shule isisimame. Nunua daftari moja la kalenda. Upande wa kushoto aandike kila shindano, pointi alizopata na wiki zitakapofutika. Upande wa kulia aandike kila asubuhi saa alizolala, maumivu ya goti la kushoto na ya bega kwa namba kutoka sifuri hadi kumi, na dakika alizocheza jana. Goti likiwa nne au zaidi kwa siku tatu mfululizo, shindano linalofuata linafutwa, hata kama upande wa kushoto unaonyesha pointi zinakwisha wiki hiyo. Akubaliane nawe juu ya hilo sasa, akiwa mzima, na kocha atie sahihi.